Soda, Biskuti na Elfu Moja

Desemba 2019 nilinunua damu. Siku ile sikuiita hivyo. Niliita kumtoa mtu nauli, na yule jamaa mwenyewe, dereva wa boda ambaye sikuwa nimewahi kumwona, aliita kitu ya chai.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya pwani ambayo sitaitaja, macho yake ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na daktari alikuwa ametwambia damu imeshuka hadi nne. Ana selimundu, au sikoseli kama tunavyosema nyumbani. Nesi akatuambia maneno ambayo familia nyingi za Kenya zinayajua kwa moyo: damu haiuzwi, ila leteni watu watatu.

Watu watatu si wengi, mpaka uwatafute. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Oktoba, Tana imejaa, na nusu ya ukoo wetu uko ng'ambo ya maji. Mimi nilitoa kwanza. Binamu yangu akatoa. Ami alifika amelowa hadi kiunoni, wakampima presha wakamrudisha nyumbani. Nikatoka nje hadi kwenye steji ya boda nikauliza kwa sauti kama mpiga debe: nani ana roho safi?

Aliyekuja aliniambia wazi. "Mimi si mchoyo, kaka. Lakini nikilala hapa saa mbili, tajiri wa pikipiki bado anataka mia tano zake jioni." Nikamtumia thao moja kwa M-Pesa. Ujumbe ulipoingia tulisoma majina, yeye langu, mimi lake. Nilijua ni Morma, alijua mimi ni Mpokomo. Hatukusema kitu. Akaingia, akatoa painti moja, akapewa soda na biskuti kama mimi.

Painti yake haikwenda kwa mdogo wangu. Ilienda kupimwa, na mdogo wangu akapewa nyingine iliyokuwa tayari kwenye friji. Ndivyo mpango ulivyo: mgonjwa wako anakopa, wewe unalipa. Nilikuwa nasoma uchumi chuo kikuu wakati huo, kabla karo haijanishinda, na usiku ule kwenye benchi la wodi nilijiuliza kama nimelipa deni au nimefanya jinai. Nimekuwa nikilisoma swali hilo tangu siku hiyo, bila mhadhiri.

Pwani yetu ilikuwa na nadharia ya biashara ya damu zamani sana kabla ya benki za damu. Iliitwa mumiani. Nyanya yangu alituita ndani giza likianza kuingia: mumiani watawachukua. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba mumiani ni dawa nyeusi kama gundi, iliyosemekana kutoka Uajemi, ya kupaka au kunywa na samli kwa mifupa iliyovunjika. Kisha inasema wenyeji wengi waliamini hiyo dawa ni damu ya binadamu iliyoganda, na uvumi ukianza mjini watu hawatoki nyumbani baada ya jua kutua. Bara, Nairobi na Kampala, hadithi iyo hiyo ilivaa sare: wazimamoto ndio waliodaiwa kukamata watu na kuwanyonya. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kikatoka mwaka 2000, na hakuwacheka waliousimulia. Aliusoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyoyaona maisha chini ya ukoloni.

Mimi naisoma hivi. Mtu usiyemjua anachukua kitu mwilini mwako, anakipeleka mahali usipopaona, kinauzwa kwa bei usiyoambiwa, na wewe huna chako. Ukiondoa meno na giza, hiyo ni karibu kabisa na maelezo ya kodi ya kichwa na kazi ya shuruti. Na katika kaunti yetu mtu akikwambia "ni kwa faida yako" unaangalia mlango uko wapi. Hola iko hapa hapa. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa kumi na mmoja walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na serikali ikasema kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

Kwa hiyo mtu wa benki ya damu akifika na gari jeupe, hema na sindano, anakuja juu ya historia ndefu.

Upande wa pili wa dunia, wazo la kutoa bure lilikuwa na mwanzo wa kawaida tu. Mwaka 1921 hospitali ya King's College huko London ilipiga simu kwa ofisi ya Msalaba Mwekundu ya Camberwell: kuna mgonjwa, tunahitaji mtu wa kutoa damu. Percy Lane Oliver, aliyekuwa katibu wa ofisi hiyo, alikwenda na wenzake wachache, na damu ya nesi mmoja kati yao ikafaa. Kutokana na simu ile Oliver alianzisha orodha ya watu wanaoweza kuitwa wakati wowote bila malipo. Alikuwa mtumishi wa serikali ya mtaa, na kwa miaka mingi kazi yote ilifanywa nyumbani kwake, yeye na mkewe, simu ikilia usiku. Bure ya mtoaji ilikuwa imebebwa na kazi ya mtu mwingine. Hilo nitalirudia.

Marekani walikwenda njia mbili kwa pamoja, wengine wakitoa na wengine wakiuza. Mwaka 1970 Mwingereza Richard Titmuss alitoa kitabu kiitwacho The Gift Relationship akilinganisha nchi hizo mbili. Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya maabara: ukilipa, utawavuta maskini na walevi wenye sababu ya kuficha ugonjwa, na damu itabeba homa ya ini. Ya pili ni ya moyo: ukiweka bei juu ya zawadi, wale waliokuwa wanatoa bure wataacha. Mchumi Kenneth Arrow alimjibu mwaka 1972 kwa swali ambalo bado nalipenda: kama mimi nataka kutoa bure, mtu mwingine kuuza kunanizuia vipi?

Jibu likaja kidogo kidogo. Mwaka 2008 watafiti wawili walichapisha jaribio walilolifanya Gothenburg, Uswidi. Waliwaambia baadhi ya watu wapimwe bure ili wawe watoaji damu, wengine wakaahidiwa kronor 50. Kwa wanaume malipo hayakubadilisha kitu cha maana. Kwa wanawake, waliokubali walishuka kutoka asilimia 52 hadi 30. Walipoambiwa wanaweza kuzitoa hizo kronor 50 kwa shirika la hisani, wakarudi hadi 53. Titmuss angefurahi. Lakini mwaka 2013 wachumi wengine watatu walikusanya majaribio yaliyofanywa uwanjani, si darasani, wakaandika katika jarida la Science kwamba zawadi ndogo ndogo, kadi za duka, fulana, siku ya mapumziko, karibu zote ziliongeza damu na hazikuiharibu.

Nilisoma yote hayo kwenye simu, bando la usiku, na katika jaribio hata moja sikumkuta mtu mwenye tajiri wa pikipiki.

Kenya tuliishi miaka mingi bila mfumo wa taifa. Kila hospitali ilijikusanyia, na ndugu wa mgonjwa ndio walikuwa benki. Bei ya mpango huo ilijulikana baadaye. Utafiti uliofanywa mwaka 1994 katika hospitali sita za serikali, ukachapishwa 2001, ulikadiria kwamba kati ya kila painti 100 zilizowekewa wagonjwa, mbili ziliambukiza virusi vya UKIMWI. Nani alikuwa akipewa damu? Watoto wenye malaria kali na wanawake waliotoka kujifungua. Ukitoka delta ya Tana, hao ni watu wa nyumbani kwako.

Halafu ikaja Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Bomu kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi liliua watu 213, maelfu wakajeruhiwa. Watu walipanga foleni kutoa damu, na foleni hiyo ilionyesha mambo mawili kwa mpigo: kwamba Wakenya wako tayari kutoa, na kwamba hakukuwa na mahali pa maana pa kuipokea, kuipima na kuihifadhi. Msaada wa Marekani uliofuata ndio uliojenga Huduma ya Kitaifa ya Damu, na sera ya 2001 ikachukua msimamo ambao Baraza la Afya la Dunia lilikuwa limeupendekeza tangu 1975: mtoaji awe wa hiari, asilipwe. Vikajengwa vituo vya mikoa, chetu kikiwa Mombasa.

Wahiari wenyewe walipatikana wapi? Shuleni. Kidato cha tatu na cha nne, miaka kumi na sita na kuendelea, kilo hamsini na zaidi, wote wamekusanyika mahali pamoja, na mwalimu yupo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya Kenya imetoka kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, friji zinakauka. Damu nzima inakaa siku 35 tu. Basi mwezi ambao barabara zinaua watu zaidi, na mto unafurika, ndio mwezi ambao watoaji wako likizo. Uhaba wa Desemba 2019 ulikuwa na sababu nyingine tena: fedha za Marekani zilizobeba huduma hii zilikuwa zinafika mwisho. Mifuko, vitendanishi, mafuta ya magari, wahudumu. Watu walikuwa bado na roho. Mifuko ndiyo iliyokuwa haba.

Hapa ndipo wanaotuhubiria "kutoa ni moyo" wananikera kidogo. Moyo upo. Tulikuwa nao hata kwenye wimbo wa taifa, ambao sauti yake ilichukuliwa kwenye bembelezi la Kipokomo kabla ya uhuru wa 1963, na sijasikia mama yeyote wa Tana akidai mrabaha.

Na kuna kutoa kwa aina nyingine, ambako si hisani wala si soko. Wapokomo wanalima kingo za mto. Waorma wanafuga. Ukame ukija, ng'ombe lazima wafike majini, na njia za kuwafikisha zinapita kati ya mashamba. Zinaitwa malka. Hakuna aliyekuwa akikata tiketi kwenye malka. Mkulima aliacha njia, mfugaji akapitisha mifugo, akaacha samadi, akaleta maziwa, na msimu mwingine mtu alihitaji fahali au mahali pa kukimbilia mafuriko. Ng'ombe wakila mahindi, wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo na Matadeda kwa upande wa Waorma walikaa chini wakapima hasara. Ugomvi ulikuwepo, tusidanganyane. Lakini njia haikuwa na bei.

Kisha ardhi ikapata bei. Mamlaka ya TARDA ilileta mradi wa mpunga kwenye delta, na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakauvunja. Mwaka 2008 ukaja mpango wa miwa, wenyeji wakaenda mahakamani. Mwaka huo huo iliripotiwa kwamba hekta 40,000 zingepewa Qatar. Ukijua kwamba shamba lako laweza kuuzwa kesho na mtu wa Nairobi, malka inakuwa kipande cha mali unachokipoteza. Watu walilima njia. Wengine wakapitisha ng'ombe kwa nguvu. Sisemi miradi ndiyo iliyoshika mapanga. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma. Tarehe 7 Septemba ilikuwa zamu ya Chamwanamuma, siku tatu baadaye Kilelengwani, na Desemba ikawa Kipao, ambako walikufa Waorma wengi. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka harufu ya makuti yaliyoungua, na nakumbuka mama akihesabu watoto usiku, akimaliza anaanza upya.

Ndiyo maana majina mawili kwenye ujumbe wa M-Pesa, miaka saba baadaye, yalitunyamazisha. Mfuko wa damu unaandikwa namba, kundi, na tarehe ya kuharibika. Kabila hauandikwi. Ile painti iliyomwamsha mdogo wangu sijui ilitoka kwa nani, na nimeacha kutaka kujua.

Sasa tufike kwenye seli shina, kwa sababu ndiko mdogo wangu alikonipeleka. Damu ya painti inampunguzia maumivu tu. Kinachoweza kumponya ni kupandikizwa seli shina, zile za uboho zinazozaa damu upya, kutoka kwa mtu ambaye aina ya tishu zake inafanana na yake. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Ndugu wasipofanana naye, unatafuta wasiojulikana.

Orodha ya kwanza ya wasiojulikana iliundwa na mama. Shirley Nolan alianzisha rejista London mwaka 1974 kumtafutia mwanawe Anthony mtoaji. Anthony alikufa 1979, hakupatikana wa kufanana naye. Rejista ikabaki ikiwatafutia wengine. Leo ukizijumlisha rejista za dunia zina zaidi ya watu milioni 40 waliojiandikisha, na wengi wao walipitisha kijiti cha pamba tu ndani ya shavu. Wakiitwa, wengi hutolewa seli kupitia mshipa wa mkono, wamekaa kwenye kiti saa kadhaa, baada ya siku chache za sindano.

Hawalipwi. Lakini sikiliza vizuri: wanalipiwa. Nauli, hoteli, chakula, na mara nyingi hata mshahara wa siku walizokosa kazi, rejista inabeba. Na hospitali inayoomba mfuko mmoja wa seli hizo kutoka nchi nyingine inatozwa makumi ya maelfu ya dola. Mtoaji ni bure. Kumpata, kumpima, kumsafirisha na kuutunza mfuko, si bure. Oliver na mkewe walilibeba hilo kwa simu ya nyumbani. Tübingen na Minneapolis wanalibeba kwa ankara. Garsen analibeba mtoaji mwenyewe, na boda yake imezimwa nje.

Marekani waliligombania hili hadi mahakamani. Sheria yao ya 1984 ilikataza kuuza viungo, ikaweka uboho humo. Doreen Flynn, mama wa mabinti watatu wenye ugonjwa wa damu, aliishtaki serikali pamoja na wenzake. Mpango uliokuwa nyuma ya kesi ulitaka kuwapa watoaji dola 3,000 kama msaada wa karo, wa nyumba, au sadaka kwa shirika. Karo! Mimi ningekuwa wa kwanza kwenye foleni. Desemba 2011 mahakama ya rufaa ilisema seli zilizotolewa kupitia mshipa ni kama damu tu, zinaweza kulipiwa. Mwaka 2013 serikali ikapendekeza kanuni ya kulifunga dirisha hilo, na 2017 ikaiondoa. Rejista kubwa bado zinakataa kulipa, na nadhani naelewa kwa nini: nchi nyingi hazitapokea mfuko ulionunuliwa.

Tatizo letu liko kwingine. Kwa makadirio ya rejista ya Marekani, mgonjwa mweupe ana nafasi 79 kati ya 100 za kumpata anayefanana naye kabisa. Mweusi ana 29. Watu wa asili ya Afrika tuna aina nyingi zaidi za tishu kuliko watu wa bara lolote, na tuko wachache kwenye orodha. Afrika Kusini ilianzisha rejista yake 1991, Nigeria 2012. Mtoto wa Kipokomo anaweza kutafutwa kati ya watu milioni 40 asipate hata mmoja, huku wanaofanana naye wakivua kambare Ngao au wakichunga Wayu, na hakuna aliyewahi kuwapitishia pamba shavuni.

Nami sijapimwa. Nimeandika maneno mengi kabla ya kufika hapa, na nilijua. Sisi ni watoto watano wa baba na mama mmoja, kwa hivyo wanne tunaweza kumfaa. Kipimo chenyewe kina bei, na ndicho kidogo. Upandikizaji watu wanaufuata India kwa mamilioni ya shilingi. Mama aliniambia mara moja tu, akichambua mchele: "Ukijua unafanana naye na pesa hatuna, utalala vipi?" Sikuwa na jibu la uchumi. Mdogo wangu mwenyewe ana miaka kumi na saba sasa, ana ndevu tatu anazojivunia, na aliwahi kuniuliza kama nitaogopa sindano. Nikamwambia siogopi, ambayo ni kweli.

Agosti iliyopita alilazwa tena. Shule zimefungwa, nesi mwingine, maneno yale yale. Namba ya yule jamaa wa boda bado nilikuwa nayo. Nilipompigia nilijaribu kutania: bei ni ile ile? Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Wewe mtu wa vitabu," akasema, "una maneno mabaya."

Alifika kabla ya saa nne. Pikipiki ni yake siku hizi, amemaliza kumlipa tajiri. Alitoa painti, akanywa soda, biskuti akaweka mfukoni kwa ajili ya mtoto wake. Tulipotoka nje akaniomba mia mbili ya mafuta, nikampa.